Mguu wa Jaji

Sisi wa Nyeri tumezaliwa vilimani, na kila mtoto anajua kwamba kazi ni kupanda. Kushuka ni kupumzika. Ujuzi huo ndio uliomponza Gatimu.

Kwa miaka kumi na mitano alikuwa mtunza farasi katika hoteli moja juu ya mto Gura. Kipenzi chake alikuwa Jaji, farasi mwekundu mwenye uso wa kutoa hukumu. Mwezi wa tatu Jaji akaanza kuchechemea kila walipowateremsha wageni mtoni. Wakigeuka kupanda, anatembea vizuri.

"Hii farasi iko na madharau!" Gatimu akafoka. "Ati kushuka inaumwa, kupanda imepona?"

Akachonga fimbo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, alisema, na kila Jaji alipochechemea alichapwa, hadi akaacha kuchechemea. Gatimu alijisifu jikoni kwamba amemponya.

Mwezi wa saba goti la Jaji likavimba. Daktari Rehana, mganga wa mifugo, alipiga eksirei akamwonyesha Gatimu kipande cha mfupa kilichovunjika ndani ya goti la mbele.

"Akishuka, uzito wote unaangukia hapa," alisema. "Mngeniita mapema ingekuwa kazi ndogo. Sasa lazima nimpasue, na kuna farasi ambao hawaamki kutoka kwa dawa ya usingizi."

Siku ya upasuaji Gatimu alikaa nje ya kliniki tangu asubuhi, chai ikampoa mkononi. Alianza kuomba, kisha akaona haya. Angemwambia Mungu nini? Kwamba alimchapa mgonjwa, kisha akajisifu? Alijichukia, na alistahili. Saa nane mchana wakamwita: Jaji amesimama.

Siku ya kumi daktari alitaka kumwona Jaji akitembea. Alimwongoza mwenyewe, na Jaji akachechemea waziwazi.

"Ndivyo inavyotakiwa kwa sasa," alisema. "Haya mzee, shika kamba wewe, nimtazame kutoka kando."

Gatimu akashika kamba. Jaji akalaza masikio nyuma, akakaza shingo, akatembea hatua kumi zilizonyooka kabisa, jasho likimtoka.

"Mbona kwako hachechemei?" daktari akauliza. "Anajiumiza huyu!"

Gatimu alisimama, akamwinamia sikioni. "Chechemea tu, Jaji," akamwambia. "Chechemea, tafadhali."

Wakaanza tena. Jaji hakuthubutu.