Tambiko Lisilorudiwa

Dada yangu ni mtu wa filamu, na mbishi kupindukia. Alipotuambia anataka kurekodi tambiko katikati ya mibuni yetu huko Mbozi, huku wanamuziki wakipiga chochote kitakachowajia, nilimwambia amechanganyikiwa. Aliyelijua tambiko lile alikuwa bibi yetu peke yake, na bibi ni mshirika wa kanisa tangu usichana wake. Wazee wa kanisa walikwisha kusikia. Wangeweza kumtenga asishiriki tena Meza ya Bwana, na kwa bibi afadhali kufa.

Bibi mwenyewe alikubali, kwa sharti moja: hakuna mazoezi, hakuna kurudia.

“Nikishawaita wahenga, nimewaita,” alisema. “Siwezi kuwasumbua tena eti kamera ilikosea.”

Mpiga ngoma alitoka Momba, mpiga gitaa alitoka kwenye kwaya moja ya Tunduma. Walikutana asubuhi ileile ya kurekodi. Bibi alichota unga wa ulezi, akaupuliza mashariki na magharibi, akaanza kuita waliotangulia. Ngoma ilimfuata kwa mbali. Gitaa lilisitasita, kisha likaingia, na baada ya hapo sikujua nani anamwongoza nani. Dada alizunguka na kamera pekupeku, asikanyage hata tawi kavu. Tangu utotoni nimekuwa nikimwonea wivu. Siku ile nilimvulia kofia. Nilishika maiki huku nalia, wala sikuona aibu.

Mwisho bibi alimtaja baba yetu, mwanawe marehemu, akanyamaza. Mpiga gitaa, kwa mazoea yake ya ibadani, akapiga ile mipigo miwili ya kufunga sala. Sote tukainamisha vichwa.

“Amina,” bibi akasema.

Nilimsihi dada akate kipande kile, tusije tukaonekana tunalidhihaki kanisa. Alikataa katakata.

Wazee watatu wa kanisa walikuja sebuleni kwetu kuitazama filamu kabla ya kuamua. Mmoja alikuwa na daftari. Walitazama bila kugusa chai, na bibi alikaa pembeni akisokotasokota pindo la kanga. Baba akatajwa, gitaa likapiga ile mipigo miwili.

Wazee wote watatu wakainamisha vichwa.

“Amina,” wakaitikia kwa pamoja.

Kisha wakatazamana. Mwenye daftari alilifunga, akavuta kikombe chake. Jumapili iliyofuata bibi alishiriki Meza ya Bwana kama kawaida.