Tarehe Chini ya Jina la Wairimu

Wakati wetu kompyuta ilikuwa na kisogo. Mliokulia Kitengela miaka ile mtanikumbusha kama nimesahau: ilikaa mezani kama mgeni mnene aliyekataa kuondoka, kisogo kimegusa ukuta, na juu yake Mama alitandika kitambaa cha kufuma, kile kile cha kwenye makochi, ili vumbi la malori ya simiti lisiingie. Ukiiwasha ilikohoa kwanza. Halafu ikaja harufu ya vumbi lililopata moto na ya chai iliyopoa kando ya printa. Mwishowe kilima kijani kikajitokeza chini ya anga la bluu, na sisi watoto tulikitazama kwa wivu, maana nje ya mlango kila kitu kilikuwa cha kijivu mpaka mvua inyeshe. Leo binamu yangu wa miaka minne akiona skrini yoyote, hata ya televisheni, anaisugua kwa kidole. Isipomjibu anasema imekufa, halafu anaenda kucheza.

Saiba ya Mama, duka la kompyuta za kukodi na kuchapa, ilikuwa na kompyuta tatu, na sheria yake ilikuwa moja: "Usiguse hiyo kitu na mikono ya mandazi." Tulinawa. Tulicheza karata za kwenye skrini mpaka mteja aje, kisha tukatoka kuruka kamba kwenye uwanja mtupu ulioandikwa "Hii Ploti Haiuzwi."

Watu walishikilia mifumo ya kompyuta kama walivyoshikilia timu za mpira. Ng'ambo ya barabara palikuwa na saiba nyingine yenye mfumo mpya unaong'aa kama kioo, na wateja wa huko walitucheka. Wetu hawakuyumba. Mzee Adan, aliyeuza mbuzi na kuandikiwa barua zake kwetu, alijaribu huko mara moja tu, akarudi amekasirika.

"Mama Wairimu, ile mashine inajifanya inajua sana. Mimi nasema Adan, yenyewe inaandika Adam. Mimi niko na watoto tisa, lakini dunia yote si yangu!"

Mama alifurahia maneno hayo kwa wiki nzima. Chini ya skrini yetu kila asubuhi kilitokea kisanduku cha manjano kuuliza kama tusasishe mfumo, sasa au baadaye. Mama alibofya baadaye hata kabla hajavua koti. "Kitu kinafanya kazi, unakishikashika cha nini?" Kisanduku kiliondoka kwa adabu, na kesho kikarudi.

Nakiri kwamba mimi kisanduku kile kilinikera. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Sikuweza kulala kama viatu havijapangwa sawa, na neno moja lenye kosa lilinifuata mpaka shuleni. Kompyuta sikufundishwa na mwalimu yeyote. Nilijifunza kwa vijitabu vya mazishi.

Ndiyo iliyokuwa kazi kubwa ya saiba yetu. Familia zilileta picha na karatasi zilizoandikwa kwa kalamu: marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, amewaacha nani. Mama alifungua kijitabu cha mwisho alichotengeneza, akaandika juu yake. Kwa hiyo kila marehemu mpya alilala juu ya mwingine. Mimi, nikitoka shule, nilipewa kazi ya kusoma kutafuta makosa.

Nilipokuwa na miaka kumi, kijitabu cha mzee mmoja wa Nkoroi kilitoka na jina la mama mmoja wa Isinya kwenye ukurasa wa mwisho. Familia iligundua ikiwa tayari kanisani. Baada ya mazishi mwanawe alikuja na nakala moja, akaiweka mezani wazi kwenye ukurasa ule, akatoka. Aliyekuwa amesoma kutafuta makosa ni mimi.

Ndipo nikaamua kutengeneza kijitabu kisichokuwa na mtu ndani, kielelezo safi ambacho Mama angekijaza tu. Lakini sikupenda kuona pengo mahali pa jina, kwa hiyo niliandika jina nililoweza kuandika bila kuangalia vidole: Wairimu. Mahali pa tarehe ya kufariki, nilichagua tarehe kwenye orodha, na chini yake nikaona kiboksi kinachosema tarehe ijibadilishe yenyewe. Nikaweka tiki. Niliona ni msaada. Nikahifadhi, nikaenda nyumbani nikijiona fundi.

Kesho yake saa kumi nilikifungua. *Mpendwa wetu Wairimu alituacha leo*, na tarehe ya siku hiyo. Nikafunga. Siku iliyofuata nikafungua tena. Alikuwa ametuacha siku hiyo.

Lazima niwaeleze kuhusu jina. Kwetu msichana wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa baba yake, na Shosho, yaani bibi yangu, ndiye Wairimu niliyeitwa kwa jina lake. Aliishi Isinya akifuga kuku, na kila Jumamosi asubuhi alikuja Kitengela na trei za mayai. Hakuniita mjukuu hata siku moja. "Wajina, umekula?" aliuliza akiingia, na wateja walicheka kusikia mwanamke wa miaka sabini akimwita mtoto wajina. Alinukia moshi na chakula cha kuku. Nilipokuwa naumwa, yeye alisema anaumwa. Nilipofaulu mtihani alitangaza kwa jirani zake, "Nimepita!"

Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi aliyekaa mbele ya skrini ile hakujua ni Wairimu yupi aliyekufa leo. Alijua tu yupi alikuwa mzee.

Mtaniuliza kwa nini sikukifuta. Nilishika kipanya mara nyingi. Lakini kufuta jina la mtu aliye hai kulinitisha kuliko kuliacha. Badala yake kichwa changu kikatengeneza hesabu yake. Maadamu ninafungua kila siku na kuhifadhi, tarehe inasogea, na siku yenyewe haipati nafasi ya kupita na kubaki nyuma yetu. Siku nitakayoacha kufungua, tarehe itasimama, na itakaposimama itakuwa kweli. Nikawa nafungua kila siku saa kumi. Jumapili, saiba ikiwa imefungwa, nilidanganya kwamba nimesahau daftari ndani, nikaomba ufunguo. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima na hakuna aliyejua.

Kuna Jumapili moja tulilala Isinya. Upepo ulikuwa ukigonga mabati, kuku wote wamenyamaza kama wanaosikiliza kitu, na Shosho akiokota mayai na kuyapangusa kwa kanga. Saa kumi ilifika na kompyuta iko mbali. Nilisimama mlangoni nikimtazama bila kupepesa, nikidhani kwamba nikimwangalia hawezi kuondoka.

Akasema bila kugeuka, "Wajina, mbona unaniangalia kama picha?"

Kisha akaja Anko Mwas, mdogo wake Mama, ametoka chuo na kibandiko cha pengwini kwenye begi. Kwa Anko Mwas mfumo wa kompyuta wenye nembo ya pengwini ulikuwa wokovu. Haukulipiwa, haukushikwa na virusi, na waliobaki kwenye kilima aliwahurumia kama watu wasiojua wamepotea. Mzee Adan alimwambia kwamba ndege asiyeruka hawezi kubeba kazi ya watu. Lakini virusi kutoka kwenye flashi za wateja vilikuwa vimeanza kuficha faili zetu, na Mama alichoka. Ijumaa moja akamwambia Anko sawa, atubadilishie mfumo kesho asubuhi.

Nilimshika Anko mkono. "Anko, iache hii moja. Hii ya kwangu tu."

"Kwa nini? Uko na nini huko ndani, we msichana?"

Sikumwachia mkono. Alicheka, akanipa flashi ndogo. "Weka vitu zako hapo, basi. Hakuna kitu itapotea." Saa kumi nilifungua kijitabu, nikahifadhi, nikaweka nakala kwenye flashi, nikaifunga kwenye leso.

Jumamosi kilima kiliondoka. Nilikitazama kikifutika na kuwa skrini nyeusi yenye maandishi meupe yanayoteremka, na mahali pake pakaja rangi ya zambarau isiyo na mahali. Saa kumi nilikaa, nikafungua kijitabu ndani ya mfumo mpya. Kiliandika: *alituacha jana*. Namaanisha iliandikwa tarehe ya Ijumaa. Nilifunga, nikafungua. Ijumaa. Niliizima mashine nikaiwasha. Ijumaa. Tarehe ilikuwa imesimama.

Na Shosho alikuwa hajaja.

Sikuwa nimegundua mpaka wakati huo. Ilikuwa Jumamosi, ni saa kumi, na kiti chake kilikuwa kitupu na hakuna mayai. Mama alipiga simu, ikasema mteja hapatikani. "Labda chaji imeisha," Mama alisema, akaendelea kuchapa. Sikumwambia ninachokijua. Nilikaa na ile karatasi kwenye skrini, jina letu na siku ya jana, na nakumbuka mashine ilikuwa kimya, haikuvuma kama zamani.

Saa kumi na moja na nusu kivuli kilisimama mlangoni. Sikugeuka. Nilisikia harufu ya moshi.

"Mbwa ya jirani imeingia kwa kuku zangu," Shosho alisema. "Nimeshinda nikiwatafuta kwa miiba. Wajina, umekula?"

Nililia kwa sauti mpaka Anko Mwas akadhani ameniharibia mashine. Shosho alisogea, akavaa miwani yake ya kusomea Biblia, akaanza kusoma skrini polepole, akiweka kidole chini ya kila neno. Alipofika kwenye jina kidole kilikaa hapo.

"Huyu ni mimi ama ni wewe?"

Nikamwambia yote, kuanzia tiki hadi ufunguo wa Jumapili. Mama alisimama amefunika mdomo, maana kwetu mtu aliye hai haandikiwi kifo hata kwa mchezo. Shosho aliuliza kitu kimoja tu. "Imesema siku gani?"

"Jana."

"Jana imepita. Leo nimekunywa uji." Akatemea mate kidogo kwenye kiganja, akanipaka kwenye paji la uso kama wazee wetu wanavyobariki, yakiwa na uvuguvugu. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeniagiza chumvi, "Usiitupe. Siku yangu ikifika ni wewe utaniandika. Na usiniandikie makosa."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilimaliza shule, nikafanya kazi hii hii ya kuandikia watu, na kila Jumamosi ya mayai aliniuliza kama bado ninamtunzia karatasi. Nilisema ndiyo. Flashi ile ilikaa kwenye leso ile ile.

Amefariki mwaka huu, siku ya Jumatano. Alhamisi jamaa wote walikuwa wamejaa sebuleni kwetu wakisubiri kijitabu, nami nikafungua kompyuta yangu bapa isiyo na kisogo. Haikuniuliza kitu. Ilikuwa imeshaamua kujisasisha. Duara lilizunguka, likasema nisizime, na watu wazima kumi na wawili tukakaa tukilitazama kama watu wanaosubiri daktari. Lilipomaliza nikachomeka flashi, nikafungua ile nakala ya kwanza, ya kabla ya pengwini. Mfumo huu ni wa ukoo wa ule wa kilima, nadhani ndiyo maana. Tarehe ilikuwa imeamka. Iliandika kwamba Wairimu ametuacha leo.

Shosho alikuwa amekufa jana yake.

Nilitoa nakala mpya, na ndani yake nikaondoa tiki. Niliandika Jumatano kwa mkono wangu, herufi moja moja, nikaona tarehe imesimama na haitasogea tena kwa ajili yangu. Nikaweka maisha yake yote: Isinya, kuku, watoto, wajukuu. Nilisoma mara kumi na moja kutafuta makosa. Hapakuwa na nukta iliyokaa vibaya.

Kanisani, wimbo wa pili ukiendelea, Mama aliniinamia na kijitabu mkononi. Kidole chake kilikuwa kwenye orodha ya wajukuu.

"Na wewe uko wapi?"

Nilisoma orodha. Binamu zangu wote walikuwepo, hata yule wa miaka minne. Mimi sikuwemo. Mara kumi na moja jicho langu lilikuwa limepita hapo bila kuhisi pengo, kwa sababu jina lilikuwepo tayari, kubwa, kwenye jalada, chini ya picha.

Ninyi wa rika langu mtanielewa nikisema naikosa ile mashine nene. Haikuwa na akili nyingi, lakini ilibisha hodi. Iliuliza sasa au baadaye, mwanamke mwenye koti akasema baadaye, nayo ikatii, miaka na miaka. Vijana wa leo wanalala na simu mkononi, wanaamka imegeuka nyingine, na wala hawashtuki. Wanatafuta tu kamera imehamia wapi. Jumatano ile pia hakuna aliyebisha hodi.

Nakiri jambo la mwisho. Ile nakala ya kwanza bado ninayo kwenye flashi, na ndani yake tiki iko palepale. Wairimu amebaki mmoja. Kila siku saa kumi ninaifungua, ninaona tarehe ya leo chini ya jina langu, ninaifunga. Mashine inauliza kama nihifadhi mabadiliko. Ninabofya ndiyo.