Shabu Kabla ya Klorini

Kazi ya kusafisha maji nilijifunza kwenye simu. Sina cheti, na kila siku nilikuwa nikingoja mtu aniulize nimesomea wapi. Mtambo wetu ni mdogo, nje kidogo ya Masumbwe, unavuta maji ya lambo. Msimamizi wangu, mama wa makamo aliyekuwepo tangu unawashwa, aliniita injinia wa simu. Nampa shikamoo, ananijibu marahaba, injinia, huku akicheka.

Masika moja nilisoma jambo lililoninyima usingizi. Majani na samadi yakioza lamboni huacha majini rangi kama ya chai iliyozimuliwa. Klorini ikikutana na rangi hiyo huzaa kemikali ambazo, zikinywewa miaka mingi, huenda zikadhuru. Maji yetu yakishatulizwa tope kwa shabu yalionekana meupe. Niliyamimina kwenye bakuli jeupe, nikaiona chai.

Sikumwambia mtu. Nilipunguza klorini kwa nusu, nikajiona nimeokoa mji.

Kesho yake mama alirudi kutoka kioski cha mwisho cha kuuzia maji na kichupa cha kupimia klorini. Kidonge hugeuza maji kuwa ya waridi klorini ikiwepo, haya hayakubadilika. Klorini ilikuwa imeishia njiani. Nilikiri kabla hajaniuliza. Alifunga valvu, akapiga simu vioskini wasiuze, na waliokwishachota wachemshe. Ndipo akakaa juu ya ndoo.

"Umesoma habari za sumu ya miaka ishirini, mwanangu. Kuhara kwa kesho hukusoma?"

Nililia. Aliniacha nimalize, kisha akauliza simu yangu inasemaje kuhusu kuitoa hiyo chai yenyewe. Nikamweleza: shabu izidishwe mpaka maji yachachuke kidogo, rangi ishikamane na mabonge ya tope na kuzama nayo, kabla klorini haijaingia.

Tulipanga chupa sita za jamu, kila moja na kipimo chake. Alinipokonya kijiti, akisema nakoroga kama ninayekimbizwa na nyuki, akakoroga mwenyewe polepole, kama wanavyofanya kina mama na ndoo ya shabu nyumbani. Chupa ya sita, niliyoijaza shabu ili nisikosee, ilichachuka mno, mabonge hayakuota. Ya nne ilibaki na chai kidogo. Ya tano tuliimimina kwenye bakuli, tukaona weupe wake tu.

Tukatumia kipimo cha ya tano, tukarudisha klorini yote, na kutia chokaa kidogo mwishoni kuondoa uchachu, ndipo tukafungua valvu. Mchana nilipanda bodaboda hadi kioski cha mwisho. Kidonge kiliyeyuka, maji yakawa ya waridi, tena mekundu kuliko nilivyowahi kuyaona. Klorini ilikuwa imefika nzima, haikukuta rangi ya kuila njiani.

Nilimpigia.

"Sasa ndiyo unaweza kuipunguza," alisema. "Kidogo. Na nikiwepo."