Begi Lililofungwa Mara Tisa

Kabla ya filamu ile nilikuwa mpiga video wa harusi na kipaimara hapa Sumbawanga. Kazi hiyo inakuzoesha kumfuata mtu na kamera popote aendako. Kuamua kipi kisionekane haikufundishi. Ndiyo maana nilipoandika hadithi ya filamu yangu ya kwanza, ya binti anayeondoka kwao kwenda kuolewa ziwani, niliijaza maneno. Baba peke yake, katika sini ya kuagana, nilimwandikia kurasa mbili.

Nafasi ya baba nilimpa jirani yetu, dereva mstaafu wa malori ya mahindi. Nilimchagua kwa ajili ya uso wake tu, mrefu na mkavu, usio na haraka. Binti aliigizwa na rafiki yangu ambaye ni msusi karibu na soko. Rafiki yangu alizishika sentensi zake kwa siku moja. Mzee alizisoma zake wiki nzima, miwani puani, kisha akaniita kwake.

Aliniambia kwa upole kwamba hawezi. Nikadhani anasahau, nikamwahidi kuzipunguza.

"Si kusahau, mwanangu," alisema. "Baba wa huku hasemi hivi. Hata akitaka, mdomo haufunguki."

Nikamwuliza, basi anafanya nini. Akafikiri kidogo, akasema kwamba anajitafutia kazi ya mikono.

Niliumia, maana kurasa hizo mbili ndizo nilizozipenda kuliko nyingine zote. Lakini mtu mwingine wa kuigiza sikuwa naye, na mahindi yalikuwa yakivunwa. Kama ningechelewa, mashamba niliyoyarekodi yakiwa na mahindi yangeonekana matupu katika sini inayofuata. Nikakubali.

Tulirekodi uani kwake, mwezi wa sita, upepo ukiwa mkali na baridi yake ileile ya kila mwaka. Msusi alikuja na begi lake mwenyewe, lile la nailoni la mirabaraba liitwalo shangazi kaja, ambalo zipu yake ilikuwa imekatika. Nilimwambia mzee kwamba binti atatoka ndani na begi, yeye afanye atakavyo. Akachukua kamba iliyokuwa ukutani, akapiga magoti, akalifunga begi kwa kulizungusha mara mbili. Akavuta fundo, akaliinua begi kwa mkono mmoja kupima uzito wake, akampa. Usoni hakumtazama. Msusi, aliyekuwa na sentensi tatu za kusema, alizisahau zote.

Ilibidi turudie. Kwanza nilirekodi kwa mbali ili ua wote uonekane, halafu mikono peke yake, halafu uso wa binti akiitazama mikono hiyo. Mara upepo ukaingia kwenye maiki. Mara wingu likapita, na mwanga wa kipande kimoja ukakataa kulingana na wa kingine. Mara bodaboda akasimama kushangaa, kivuli chake kikaingia kwenye picha. Mzee alilifungua begi na kulifunga tena hadi zikafika mara tisa, kila mara akianzia kona ileile, kana kwamba alijua kuwa vipande vitakuja kuunganishwa. Hakuna aliyemwelekeza hivyo.

Baada ya mara ya tisa alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko. Nikadhani magoti yanamuuma. Mke wake alituletea chai, akasema tumwache kwanza. Alipokuwa akimimina ndipo aliponieleza. Binti yao wa kwanza alikwenda Kabwe, kule ziwani, kuolewa na mfanyabiashara wa dagaa, Mwislamu, na mzee hakutaka. Siku anaondoka, mzee alikaa ndani mpaka gari likaenda. Ilikuwa imepita miaka sita sasa, na binti hajarudi.

Sisi tulihamia mtaa ule baadaye, sikujua lolote. Nilimwuliza mama huyo kama niiondoe sini.

"Ameshaifanya," alisema. "Iache."

Katika kuhariri nilijaribu kuweka muziki, nikautoa. Nikaanza na mikono, nikaenda kwenye uso wa binti, nikarudi kwenye mikono. Mwishoni niliweka ile picha ya mbali na sikuikata haraka: binti anatoka kwenye picha, baba amebaki amepiga magoti. Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi wa parokia, na kutoka hapo ikasambaa kwenye simu za watu.

Siku chache baadaye namba nisiyoijua ilinipigia. Mwanamke aliuliza kama ni mimi niliyemrekodi baba yake. Nikamwamkia, nikaanza kuomba radhi. Hakuwa na haja nayo. Alitaka kujua kama nilimwelekeza mzee kulifunga begi au alijifanyia mwenyewe. Nikamwambia kwamba mimi niliandika maneno, naye akayakataa.

 Nyuma ya sauti yake nilisikia watoto wakicheza, na kwa mbali injini ya boti.

"Siku ile hakutoka nje," alisema. Kisha akauliza kama baba yake alilifunga begi mara moja tu.

"Mara tisa," nikasema.

"Tisa?"

Nikaanza kumweleza habari za wingu, upepo na bodaboda, nikaeleza kupita kiasi. Akanishukuru, akakata simu.

Mwezi wa nane mzee alikuja mlangoni kwetu kuniambia kwamba kesho ana wageni kutoka Kabwe. Nilimwuliza, kwa aibu kidogo, kama naweza kuja na kamera.

"Hapana," alisema. "Hii si ya watu."

Kwa hiyo niliona kile ambacho jirani yeyote angekiona. Gari lilisimama, mzee alikuwa tayari nje, amevaa koti, watoto wawili walishushwa, na mkwe akafuata na kiroba cha migebuka, samaki wa ziwani waliokaushwa. Waliyoambiana siyajui. Jioni mke wa mzee alituletea samaki wanne kwenye sahani iliyofunikwa kwa kitambaa.

Walikaa siku nne. Mama alisema mkwe alikuwa akimwuliza mzee mambo ya injini, kwa kuwa boti yake ilikuwa ikimsumbua, na mzee alikuwa akimjibu.