Kidonda Ambacho Kalisto Hakukifunga

Saa moja na dakika kumi asubuhi niliingia wodi ya wanawake kwa mara ya kwanza kama mtumishi. Zamu ilikuwa imeanza saa moja kamili. Metroni, msimamizi wa wauguzi wote, aliitazama saa aliyoibana kifuani kabla hajanitazama mimi.

"Unatoka wapi?"

"Makanyagio, Metroni."

"Makanyagio ni hapo nyuma tu. Kuna wagonjwa wametoka Mpimbwe juu ya lori la mpunga na wamekutangulia. Dakika kumi hizo utazirudisha mchana."

Nilizirudisha kwa kukunja gozi, kile kitambaa chepesi cha kufunikia vidonda. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, Mpanda ikiwa makao ya wilaya tu. Nilikuwa muuguzi msaidizi, elimu yangu darasa la saba. Mengine niliyapata katika kitabu cha uuguzi alichoniazima Metroni, nikikisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa siku. Sindano zilikuwa za kioo. Tulizichemsha dakika ishirini juu ya jiko la mkaa, tukazipanga kwenye trei iliyofunikwa.

Kabla ya Metroni huyo, kazi iligawanywa kwa aina. Mmoja alipima homa, mwingine aligawa vidonge, mwingine alifunga vidonda. Mgonjwa aliguswa na watu sita, na hakuna hata mmoja aliyejua jina lake. Metroni aliubadili utaratibu. Kila mtumishi alipewa wagonjwa watano, awahudumie kwa kila kitu mpaka waruhusiwe kwenda nyumbani.

"Nikikuuliza jana alikula nini, unijibu," alisema. "Usiniambie ngoja nikaangalie."

Aliongeza sharti moja: vitanda havibadilishwi. Alikuwa ameshawaona watu wakiwakimbia wagonjwa wazito na kuwasukumia wenzao.

Pembeni ya vitanda vyangu vilikuwa vya Kalisto, kijana wa Mpimbwe. Alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, mwenye mkono mwepesi kuliko sisi sote. Jumatatu moja, mchana, aliletwa Mama Skola, mkulima wa mpunga wa makamo, aliyemwagikiwa na maji ya moto ya ugali kuanzia gotini hadi karibu na kiuno. Dresa wa mapokezi alimfunga, akaandika siku kwenye plasta kama ilivyokuwa desturi. Kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa cha Kalisto.

Siku ya tatu niliona jambo. Kalisto akiingia tu, Mama Skola alivuta khanga na kujifunika uso. Uji alioachiwa na Kalisto hakuugusa mpaka ametoka. Mimi, niliyekuwa nimejifunza neno jipya, nikaandika katika kitabu cha ripoti: "Mgonjwa mkaidi. Hashirikiani." Kalisto naye aliandika kila siku mstari uleule: "Kidonda kimefungwa."

Ijumaa harufu ilitufikia mlangoni. Homa ya Mama Skola ilikuwa nyuzi thelathini na tisa. Metroni alifunua shuka, akainama kusoma plasta.

"Kalisto. Hapa pameandikwa Jumatatu."

Kalisto alitazama sakafu.

"Leo ni Ijumaa, na kitabu kinasema umemfunga mara tatu. Nani amekosea, plasta au kitabu?"

"Nimekosa, Metroni."

"Hilo naliona. Nauliza kwa nini."

Kalisto alianza kukusanya gozi zake. Metroni alimwambia akakae nje, na kwamba mchana barua itamfikia Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali. Sote tulijua maana yake. Kuandika uongo juu ya mgonjwa ilikuwa kufukuzwa kazi, na Kalisto alikuwa na mke na mtoto mchanga.

Mimi niliagizwa kusafisha kidonda. Nilitundika shuka kama pazia, nikalowesha gozi iliyokuwa imeng'ang'ania nyama. Mama Skola aliuma pindo la khanga yake. Nilipomaliza alinishika mkono.

"Mwanangu, yule kijana msimfukuze."

"Mama, amekuacha unaoza!"

"Sasa angenifunua paja vipi? Mkewe ni mtoto wa dada yangu. Yule ni mkwe wangu."

"Mbona hukusema?"

"Nimseme mkwe mbele za watu? Nilidhani nyie mnajua. Si mliandika jina langu, la baba yangu, kijiji, mpaka dini? Nikasema, kumbe kazi yote ile ya kuandika ni ya bure."

Niliona aibu. Mama yangu mzazi alikuwa akitoka njiani na kuingia majanini ili mume wa dada yangu apite. Desturi hiyo niliijua tangu utotoni. Ila haikunijia akilini kwamba inaweza kuvuka mlango wa wodi.

Nilikwenda ofisini kwa Metroni nikamweleza. Barua ilikuwa mezani, wino haujakauka.

"Kwetu Tanga mkwe anakukaribisha chai," alisema taratibu. Kisha akaagiza Kalisto aitwe. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema vitanda havibadilishwi, Metroni."

Metroni aliikunja barua na kuitia mfukoni.

"Utachemsha sindano Jumapili nne. Uongo wa kitabu ni wako, na yule mama nusura umuue. Lakini mdomo niliufunga mimi."

Kisha akanigeukia. "Na wewe ukafute lile neno mkaidi."

Nililifuta. Kidonda nilikisafisha mara mbili kwa siku. Mganga Mfawidhi alisema mara mbili kwamba huenda ikabidi mguu ukakatwe Tabora. Haukukatwa. Wiki ya saba Mama Skola aliondoka kwa miguu yake, akichechemea.

Tangu wiki ile, wakati wa kupokezana zamu, Metroni alianza kuuliza: "Nani ana mtu wake humu ndani?" Aliyeinua mkono alibadilishiwa kitanda bila maswali. Siku moja niliinua mimi, kwa ajili ya mama aliyekuwa anakata roho kwa ugonjwa uliomuua mama yangu.

"Ni ndugu yako?"

"Hapana, Metroni. Ila leo siwezi."

"Nenda kitanda cha tano," alisema, akaendelea kusoma orodha.

Baada ya mavuno ulifika mfuko wa mchele kutoka Mpimbwe. Aliyeuleta alisema ni wa "yule kijana mwenye heshima". Mimi niliyesafisha kidonda wiki saba sikutajwa.

"Wewe ulimwona paja, dada," Kalisto alinicheka. "Ushukuru hakukutoza faini." Akanipimia nusu ya mchele.

Nilistaafu nikiwa msimamizi wa wodi. Siku ya kuniaga, kabla ya hotuba, zamu ya mchana ilikuwa inaingia, na muuguzi kijana akawauliza wenzake lile swali la Metroni kwa haraka, kama mtu anayehesabu funguo. Binti mmoja aliinua mkono. Wakampa kitanda kingine, naye akaenda kunawa mikono. Hakuna aliyegeuka kumtazama.