Prosesa Isiyopika Kabla ya Kuagizwa

Mama mwenye nyumba wetu alipima umeme kwa kiganja. Mita alikuwa nayo, imetundikwa ukutani barazani, na duara lake la bati lilizunguka nyuma ya kioo mchana kutwa. Lakini hakuiamini, kwa sababu, alisema, mita inakuambia umeibiwa halafu haimtaji mwizi. Kwa hiyo alipita chumba hadi chumba akiweka kiganja juu ya kila kitu chenye waya. Kilicho baridi kilikuwa rafiki wa nyumba. Kilicho moto kinakula umeme, na mwenye nacho atajieleza. Redio zilipita. Pasi ilipewa zamu yake Jumamosi. Birika la umeme la mpangaji mmoja lilirudishwa kijijini kwao kwa basi, kama mtoto mtundu.

Nyumba hiyo ilikuwa Mwembesongo, vyumba vikitazamana na korido katikati, na sisi tulikaa chumba cha mbele: mimi, wadogo zangu wawili wa kike, na wa kiume ambaye ndiye kitinda mimba. Baba alifariki tungali wadogo. Mama alikuwa mpiga chapa katika kiwanda kimoja hapo mjini, hadi miaka ile ya ubinafsishaji ilipofika na akapunguzwa kazini yeye pamoja na taipureta yake. Wenzake walinunulia kiinua mgongo mashine za kusaga au mitaji ya mitumba. Mama alinunua kompyuta, nayo ya mtumba, iliyokwisha kuchosha watu wawili watatu huko Ulaya. Akaiweka dirishani, akabandika karatasi ya tangazo, na wanafunzi wa vyuo wakaanza kuleta kazi zao.

Alipougua niliacha shule nikiwa kidato cha pili nikakaa kwenye kiti chake. Alinifundisha akiwa kitandani, kwa namna aliyofundishwa yeye: macho yabaki kwenye karatasi unayonakili. Usiangalie vidole, vinajua kwao. Usiangalie kinachotoka, kitatoka tu.

Baada ya arobaini yake ukoo ulikaa kikao. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba ndilo linalosimama. Mjomba wetu, kaka mkubwa wa marehemu, alishuka kutoka Mkuyuni na mpango wake umekamilika. Mdogo wangu mmoja angekwenda kwa mama mkubwa, wa pili kwa mama mdogo huko juu Matombo, wa kiume angemchukua yeye mwenyewe, na mimi ningekuwa huru kuolewa. Aliyasema hayo kwa moyo mwema, na kila mtu akaona ni busara. Mimi niliomba nijaribu. Alinitazama, kisha akasema atarudi masika yakiisha. Akitukuta tunakula, watoto wanasoma na akili zetu zimetulia, tutazungumza. La sivyo, ataondoka na hao watatu.

Mambo yalikuwa hivyo mama mwenye nyumba alipofika na kiganja chake nyuma ya kompyuta.

Upepo uliotoka humo ulikuwa wa moto kweli. Prosesa, ubongo wa mashine ile, ilikaa chini ya kipande cha alumini chenye mbavu, na juu ya mbavu kulikuwa na feni iliyolia kama nzi ndani ya chupa. Akaugusa upepo mara ya pili kwa mgongo wa mkono, kama anampima mtoto homa.

"Binti, hiki kitu chako kinaumwa," akasema. "Kitibu, au kitoke."

Alinipa hadi mwisho wa mwezi. Bila kompyuta tusingekula, na bila kula mjomba angekuwa na kazi rahisi sana.

Nilikwenda kwa fundi mmoja aliyekuwa na meza karibu na soko. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda kilekile cha mama, akapunguzwa siku hiyohiyo, na sasa alitengeneza kompyuta kwa sababu, kama alivyoeleza, zilikuwa nyepesi kubeba kuliko mota. Nilimsimulia habari za kiganja. Nilitegemea acheke. Akasema yule mama ana haki kabisa: umeme unaoingia kwenye prosesa hauna pa kwenda, lazima utoke kama joto. Kisha akafungua droo akanionyesha kipande cha bapa, kidogo kuliko kiberiti, chenye vijipini vingi chini yake.

Prosesa hizo, alisema, zilikuwa zimeanza kuingia madukani Dar es Salaam, rahisi kuliko zote, na watu walizidharau. Waliozibuni hawakutaka kushindana na wakubwa. Walitaka prosesa itumie umeme kidogo, isipate joto, na iingie kwenye soketi ileile ya mashine za zamani ili mtu asilazimike kutupa mazabodi yake, lile bao kuu la ndani. Nikamuuliza walifanyaje. Akatazama huku na huku akitafuta mfano, macho yakatua kwa mama ntilie wa ng'ambo ya njia.

"Prosesa kubwa ni mama ntilie mwenye haraka," akasema. "Anakuona kwa mbali, anakisia utataka chapati, anaanza kukaanga. Ukitaka chapati, umepata upesi. Ukitaka ugali, chapati inatupwa na mkaa umeungua bure. Hii hapa haikisii. Inasubiri uagize, inapika kimoja, inapakua, inauliza kingine."

Na kwenye hesabu za desimali, akaongeza, ni nzito, kwa sababu wabunifu walikata sehemu hiyo ikawa ndogo kwa makusudi. Akaniuliza kama nachapa desimali. Nikamwambia nachapa barua na taarifa za wanafunzi. Basi hutaona tofauti, akasema.

Nilirudi nyumbani nikiwaza habari za watu hao. Wakati dunia nzima ilikuwa mbioni kutafuta kasi, kulikuwa na mtu aliyekaa mezani akafikiria kompyuta kuukuu katika chumba chenye joto, akajiuliza inaweza kuishi bila kitu gani. Hilo nililielewa vizuri. Tangu mama afariki sikuwa nikifanya hesabu nyingine.

Fundi alinipa prosesa ile kwa kubadilishana. Yeye na wenzake waliopunguzwa walikuwa wakidai mafao, na walihitaji mtu wa kuwachapia madai yao hadi yatakapojibiwa. Akaja mwenyewe kuifunga. Alipowasha, kompyuta iliandika kwamba aina ya prosesa haijulikani, kisha ikaendelea na kazi kama kawaida, mfano wa mzee anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani huku ameshakusogezea kiti. Feni ya juu ikaondolewa, ikabaki ile ya nyuma tu, iliyotoa upepo wa kawaida wa chumbani. Chumba kikawa kimya kiasi kwamba tulisikia jirani akitafuna.

Aliyeumia alikuwa mdogo wetu wa kiume. Kompyuta ilikuwa na mchezo wa mbio za magari, na mchezo ule, kumbe, umejaa desimali. Magari yakawa yanakwenda kama lori la mawe linalopanda Mgeta siku ya mvua. Alivumilia siku mbili tatu kisha akaanza kuusifu, kwamba sasa anapata muda wa kuona miti.

Mama mwenye nyumba alikuja, akaweka kiganja, akakiacha pale. Akainama kutazama kama mashine imewaka. Hakusema kitu, na kwake huo ulikuwa ushindi wetu. Mwisho wa mwezi ulipita.

Halafu ukaja mwezi wa sita, baridi ikateremka kutoka Uluguru, na paka wa mama mwenye nyumba akatuharibia.

Paka huyo alikuwa mzee wa rangi ya majivu aliyelala mahali penye joto tu. Asubuhi moja mama mwenye nyumba alimkuta amejikunja juu ya monita yangu, mkia ukining'inia mbele ya maandishi. Akamwondoa, akaweka kiganja mahali alipolala.

"Wewe ulinificha," akaniambia. "Paka hajui kuficha."

Na kweli ilikuwa hivyo. Monita zile za kitumbo zilikula umeme kuliko kasha zima la kompyuta, hasa sasa kwa vile prosesa ilikuwa na nidhamu. Sikuwa na monita nyingine na fundi hakuwa na dawa. Nilisimama barazani nikaitazama mita huku mdogo wangu akiizima na kuiwasha monita kule ndani. Ikiwaka, duara lilikimbia. Ikizimwa, kasha likibaki peke yake, duara lilitambaa hadi ungeweza kulisindikiza kwa kidole.

Nikarudi nikaketi. Monita nikaiacha imezimwa, nikaweka macho kwenye karatasi kama nilivyofundishwa, nikachapa. Nilipomaliza kurasa nne niliwasha, nikasahihisha yaliyokosewa, nikazima tena. Mama mwenye nyumba alishuhudia mlangoni. Tukakubaliana: gizani nichape nipendavyo, mwanga uwe wa kusahihishia tu. Paka alihama siku hiyohiyo.

Wateja walipata tabu kidogo. Mmoja, mwanafunzi wa kilimo, alinitazama nikigonga vitufe mbele ya kioo cheusi, akaomba karatasi zake kwa upole, akaenda kuwaambia wenzake kwamba yule dada yatima anaigiza. Wenzake waliokwisha kuhudumiwa wakamrudisha. Baada ya hapo wengine walikuja hata wasio na kazi, kutazama. Mama mwenye nyumba naye akazoea kuleta kigoda chake mchana, anachambua mchele mlangoni na kuwaeleza wageni jinsi umeme unavyookolewa.

Mjomba alifika mchana mmoja wa Jumamosi, bila taarifa, na kikapu cha mananasi. Aliingia nami nimo katikati ya ukurasa. Kwa hiyo alichokiona ni hiki: mpwa wake amekaa wima, uso umeelekea kioo kilichokufa, vidole vinakimbia, na wadogo zake wanaendelea kula kande kana kwamba hakuna jambo. Sikumsikia. Aliyemsikia alikuwa mama mwenye nyumba, na mjomba alimvuta nje kwa mkono wa gauni, akamwuliza kwa sauti ya msibani nimeanza lini.

"Nimeanza nini?" nikauliza, nikageuka. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Pumzika. Pumzika kidogo."

Nikamweleza. Akaniitikia kila neno jinsi mtu anavyomwitikia mgonjwa. Mwishowe nikamwomba aseme chochote, nami nitachapa, kisha tuwashe tuone. Akafikiri kidogo, akaanza kusema kwa Kiluguru, haraka, nadhani apate na kujua kama watoto wa mjini bado wanakielewa. Alitaja habari za mashamba, nani amevuna, nani amezaa. Nilichapa kila alichotamka, kwa sababu vidole havichagui. Alipochoka akanyamaza, nikawasha monita.

Alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Alisoma polepole, midomo ikicheza, akaanza kutabasamu. Kisha akasimama ghafla mbele ya mstari mmoja akaziba kioo kwa kofia yake.

"Hii futa," akaninong'oneza.

Mama mwenye nyumba hakujua Kiluguru. Alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa Morogoro na mume wa reli. Lakini alijua sura ya mwanamume anayeficha jambo. Akamwamuru mdogo wangu mkubwa aondoe kofia asome, kwa Kiswahili. Mdogo wangu akamtazama mjomba, akanitazama mimi, akasoma: kwamba mwanamke huyu aliyekaa mlangoni kama mfuko wa saruji ndiye anayewanyima watoto mwanga.

Mama mwenye nyumba aliweka ungo chini.

"Wewe Mluguru," akasema, "unajua mimi ni mtani wako?"

Mjomba akajikuta anacheka. Mnyamwezi na Mluguru ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akikutukana humkasirikii, ila unamtoza. Akamwambia ataje faini yake: achague mananasi, achukue hata kikapu.

"Mananasi nitakula, hiyo siyo faini. Umekuja kuchukua watoto, siyo?"

Mjomba akanigeukia mimi. Aliniuliza, na hii ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, ninataka nini.

"Nataka tukae pamoja, mjomba. Wote wanne."

"Faini yangu ndiyo hiyo," mama mwenye nyumba akadakia. "Wabaki. Ukiwaondoa nitalazimika kumpangisha mtu wa pasi, animalizie umeme."

Faini ya mtani haikataliwi mbele ya watu, na watu walikuwapo, maana wapangaji wote walishajaa korido. Mjomba alivaa kofia, akaivua. Aliuliza madaftari ya shule yako wapi, akayapitia moja moja akiwa amekaa kitandani. Alionja kande kwenye sufuria. Kisha akasema sawa, lakini naye ana sharti lake: likizo ya mwisho wa mwaka anatutaka Mkuyuni, tulione shamba la mama yetu na tujue mipaka yake, maana ni letu. Wote, na mimi nikiwamo. Asisikie kwamba nimebaki kuchapa.

Nikamwambia tutakuja. Alilala kwetu usiku huo kwenye kitanda cha mdogo wetu wa kiume, na asubuhi akapanda gari la Matombo, linalopita Mkuyuni, peke yake. Mwezi wa kumi na mbili tulipanda wanne, na shule zilipokaribia kufunguliwa tulishuka wanne.