Mtoto Niliyemtuma Kuwasha Sigara

Kwetu Majengo, chini ya mlima wa volkano, baba hakuinuka kwenda kuwasha sigara yake. Alimtuma mtoto kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, mama akiwa anapika. Mtoto aliigusisha kwenye makaa, akaivuta mara mbili tatu isizimike njiani, akaileta. Nilimfanyia baba yangu hivyo, na wanangu nikawazoesha vilevile.

Nilikuwa na vijana wawili. Mkubwa alikuwa kichwa kigumu. Lava ilipoimeza nyumba yetu, alikwenda kutembea juu yake ingali inatoa moshi, na waasi walipoingia alidandia kamiyo zao za kubeba askari. Mdogo alikuwa mpole, wa kushtuka hata mlango ukigongwa. Nikajiona mwenye akili: mkubwa angeonja, kwa hiyo kazi ya kuwasha sigara nikampa mdogo. Hakuwa amemaliza shule ya msingi.

Tulikuwa tumeshajenga nyumba ya mbao mtaa wa Mapendo, mke wangu alipoanza kusikia harufu ya tumbako kwenye shuka za watoto. Sikuuliza mtu. Nilimshika mkubwa, nikampiga mkanda mpaka majirani wakaja. Hakulia. Alisema tu:

“Papa, nusa vidole vya ule mwenye unatumaka kuwasha sigara.”

Nikamwita mdogo. Hakukana.

“Masasi ikilia, mikono yangu inatetemekaka,” alisema. “Nikivuta, inaacha.”

Nilikuwa nimeuchunga ukaidi wa mmoja, na woga wa mwingine nikauita tabia njema. Siku zile risasi zililia mara kwa mara. Nilimkataza, nikamtishia moto wa milele, kisha nikatoka nje kuvuta, kwa kuwa mimi pia nilikuwa natetemeka. Hilo sikumwambia. Pengine ndilo alilohitaji kusikia.

Hakuacha. Mkubwa, niliyempiga bure, hajawahi kugusa sigara mpaka leo, wala hajanisamehe.

Waasi wengine walipokuja, mdogo alikuwa tayari baba wa watoto. Tulikimbia kwa miguu, barabara ya Sake, mkewe mbele na watoto. Watu walitupita na mbuzi zao na sufuria zao. Kila baada ya mwendo kidogo mdogo alikaa chini, mkono kifuani, midomo imebadilika rangi. Aliniomba nitangulie, mabomu yalikuwa yanakaribia. Nikalichukua godoro alilokuwa amejitwika, nikaliweka kichwani juu ya mzigo wangu, nikasimama kumngoja apate pumzi.